Pampu Iliyojiwasha Gachoka

Wiki ileile tuliyomzika Baba, pampu ya kisima chetu huku Gachoka ilianza kujiwasha yenyewe. Mabomba yote yamefungwa, boma kimya, mchana mweupe, halafu unasikia tak! na mngurumo unapanda kutoka chini ya ardhi. Inanguruma kidogo, inanyamaza. Baadaye, tak! tena. Mbuzi walikuwa wanaacha kula wanasikiliza.

Mimi usiniambie kuhusu pampu. Ninaziuza Makutano, pale Meru, na kila siku nawaambia wateja kwamba mashine haina roho. Lakini hebu simama wewe nyuma ya nyumba ya wazazi wako, kando ya tangi la presha, uangalie mshale wa geji ya presha ukishuka polepole mpaka pampu ijiwashe, wakati hakuna mtu aliyefungua maji. Ai! Nilirudi ndani mbio.

Mama alikuwa mlangoni akichambua ndengu. Pampu iliponguruma, mikono yake ilisimama.

"Baba yako anakunywa," alisema. "Muache amalize."

Baba alikufa na kiu. Hospitalini walikataza asinywe chochote kabla ya upasuaji, naye akashinda akimwomba Mama maji, hata ya kulowesha ulimi tu. Mama akaficha chupa ndani ya kiondo, kwa sababu daktari amesema. Baba akaingizwa chumba cha upasuaji hivyo hivyo, asirudi. Tangu hapo Mama alikuwa hali, halali, akiona glasi ya maji anageuza uso. Pampu ilipoanza mambo yake, ndipo akaomba ugali. Sasa ujue nilikuwa nachezea nini.

Fundi wa pale sokoni alikuja na kelele nyingi. Alikagua kila bomba, akasikia tak! akakusanya spana zake. "Mama, hii si kazi ya spana. Hii mwiteni pasta." Mwoga mkubwa! Hata chai hakumaliza.

Ningeweza kuacha. Lakini pampu inayojiwasha kutwa nzima mwishowe huungua, na kiangazi kilikuwa kimeshika. Bila kile kisima, Mama angerudi kubeba mitungi mgongoni, na umri ule. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Haya, tafuta. Lakini usimkatize akiwa anakunywa."

Basi nikangoja inyamaze. Mimi, muuza pampu, nikangoja.

Nilianza na tangi. Nilibonyeza valvu yake ya upepo, ukatoka upepo mkavu bila tone la maji, kumaanisha mpira wa ndani ni mzima. Kisha nikafunga koki ya maji yanayokwenda nyumbani. Kama kuna bomba linalovuja huko, sasa mshale utatulia. Nikautazama. Ukashuka.

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija.

"Umeona?" alininong'oneza. Uso wake ulikuwa na furaha, na ile furaha ilinitisha kuliko mshale.

Ilibaki sehemu moja tu ya kuangalia, kisimani. Niliita majirani wawili, tukazima stima, tukavuta pampu nje na bomba lake lote. Juu ya pampu kuna valvu ndogo inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi chini. Niliifungua. Mdomoni zilikuwa zimenasa nyuzi za mkonge, nyembamba, zimejisokota, zikiizuia isifunge.

Jirani mmoja alijishika kichwa. Wakati wa matanga watu walifurika, pampu ikashindwa kujaza mapipa, nao wakafunua kisima wakateka kwa ndoo na kamba mpya ya mkonge. Msiba ni wa wote, na kwetu mtu haji kulia nawe halafu akose chai. Kamba ilisagika ukingoni, nyuzi zikaanguka majini, pampu ikazivuta. Haki ya Mungu, nilicheka kwa sauti! Nilikuwa nimeogopa sana.

Nilisafisha valvu, tukarudisha kila kitu, tukawasha. Mshale ulipanda, ukasimama. Tulingoja mpaka majirani wakachoka wakaenda zao. Boma lote lilikuwa kimya, na mbuzi wakaendelea kula.

Nikamweleza Mama, bado nimefurahia kazi yangu. Hakuna aliyekuwa akifungua bomba, nikasema. Maji yalikuwa yakipanda hadi kwenye tangi, yanapenya kwenye ile valvu, yanarudi kisimani, pampu inayapandisha upya. Maji ni yaleyale. Hata kikombe kimoja hakikupotea.

Mama aliitazama geji kwa muda mrefu.

"Yalirudi yote?"

"Yote, Mama."

"Kwa hivyo hajanywa," alisema. "Hata tone."