Siku Shosh Alipomwona Mjukuu

Siku hizi kazi naifanyia nyumbani, mtaani Mountain View, na mtandao ukikwama nanung'unika peke yangu. Hapo ndipo ninapoikumbuka ofisi yetu ya mjini, watu sita katika vyumba viwili, tukichora ramani za nyumba.

Zamani mtandao wetu ulitoka kwenye antena iliyokuwa juu ya paa. Mvua ikinyesha ulikatika, nasi tukapika chai. Kisha mkubwa wetu akaleta faiba, mtandao wa waya. Tulipiga makofi waya ulipoingizwa ndani, lakini furaha haikudumu. Kutuma ramani moja tu kulikuwa kazi ya asubuhi nzima.

Aliyeumia zaidi ni mhasibu wetu, mama kutoka mtaa wa Mutuini tuliyemwita Shosh, yaani nyanya, hata kabla hajapata mjukuu. Bintiye alikuwa amejifungua Kanada. Saa ya chakula cha mchana Shosh alimpigia kwa video, picha ikaganda kabla blanketi halijafunuliwa.

"Nimeona kofia tu," alisema, macho yamemlowa. "Si mrudishe tu ile antena ya zamani?"

Niliipigia simu kampuni ya faiba. Wakasema kwao kila kitu kiko sawa. Basi nikauchomoa waya kwenye ruta yetu, kile kisanduku cha kugawa mtandao, nikauchomeka moja kwa moja kwenye laptopu yangu. Kila kitu kikafunguka papo hapo. Kumbe shida ilikuwa kwetu! Enzi za antena tuliiwekea ruta kikomo, kila mashine ipate kidogo, mmoja asije akawamalizia wengine. Mtandao tuliubadilisha, ruta ikabaki na masharti yake.

Nikaondoa kikomo, nikairudisha kazini.

"Jaribu sasa, Shosh."

Mtoto akatokea, amekunja uso kama mzee aliyeamshwa. Sote tulikuwa tumesimama nyuma ya kiti, hata mkubwa.

"Ngai! Mungu wangu! Huyu ni baba yangu kabisa!" Shosh akainuka, akapiga vigelegele hadi mtoto akaanza kulia, na mawakili wa ofisi jirani wakaja mlangoni.

"Kwani nyinyi mmeshinda kesi gani?" mmoja akauliza.

Hatukufanya kazi tena mchana ule. Tuliagiza mandazi, tukampitisha mtoto kwenye skrini, dawati hadi dawati, kila mtu amsalimie.

Ofisi ilifungwa baadaye, Shosh akastaafu. Nikimpigia simu, kwanza huniuliza kama nimekula.