Mkaguzi Alipouliza Tunalala Wapi

Mwaka 1994, pale bandari ya Kipili, Ziwa Tanganyika, nilimwona afisa wa serikali, mtu mzima na tai yake shingoni, ameinama ananusa mto wa kulalia.

Wenzangu walibana kicheko. Mimi nilitokwa jasho, maana nilijua anatafuta nini.

Naitwa Nestory. Enzi hizo nilikuwa fundi wa injini kwenye tagi, ile boti fupi yenye nguvu inayovuta matishari, vyombo vya mizigo visivyo na injini. Ilikuwa mali ya shirika la umma, shirika likafa, tajiri mmoja akainunua kwa bei ya kutupa. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, tukawa tunavuta mahindi ya Ufipa kupeleka Zaire.

Tulikuwa watu saba. Vitanda vitatu.

Chumba chenyewe kilikuwa chini, kimepakana na injini, na bomba la moshi limepita juu ya vichwa. Bomba lina nyufa, nimeliziba kwa bati na waya mpaka nimechoka. Ukilala mle unaamka kichwa kinagonga. Kwa hiyo tulikuwa tunajilalia juu ya magunia kwenye tishari, chini ya turubai. Mvua ikishuka ndiyo noma, hapo huna ujanja, unaingia ndani.

Mdogo wangu Zenon alikuwa humo humo, anashika usukani. Mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi. Alikuwa ameshapeleka posa kwa Agnesi, binti wa mtaa wa Katandala, Sumbawanga mjini, na harusi ilipangwa baada ya Pasaka.

Siku moja kabla ya ukaguzi, tajiri alileta magodoro saba na mito, kaazima gesti. Vikagongwa vitanda vinne vya haraka haraka. Chumba kikapakwa rangi. Halafu akanivuta pembeni.

"Fundi, mkaguzi akisimamisha hii boti, wote mnarudi kulima ulezi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Sasa ule mto haukuwa na harufu ya moshi. Ulinukia sabuni ya gesti.

Mkaguzi, bwana Felisian, aliuweka chini taratibu. Nahodha alikuwa amesimama palepale, lakini mkaguzi akampita, akaja kwangu.

"Wewe ndiye fundi wa injini?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mnalala humu?"

"Humu humu."

"Moshi hauingii?"

"Hauingii."

Akatoa kalamu. "Una uhakika? Maana utakalosema wewe ndilo nitakaloandika."

"Nina uhakika."

Akawageukia wengine. "Kuna mwenye neno tofauti?"

Zenon alikuwa mlangoni. Alinitazama, kisha akainamisha macho.

Sisi nyumbani tulilelewa hivyo. Mdogo hamkanushi kaka yake mbele za watu, na mbele ya mgeni ndiyo kabisa. Ukimkanusha umemvua nguo hadharani.

Jioni ile magodoro yalirudi gesti.

Wiki tatu baadaye tulikuwa katikati ya ziwa na mvua haikati. Zenon alikuwa ameshika usukani usiku kucha. Saa saba mchana akaniambia, "Kaka, naenda kujinyoosha chini kidogo. Uniamshe saa tisa."

Saa tisa nikaenda. Alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, uso umetulia. Nikamwita. Nikamtikisa. Hakuwa na pumzi.

Bomba lilikuwa limeachia palepale nilipoliziba kwa mkono wangu. Nilikaa sakafuni nikalia, nikamwomba msamaha maiti, mpaka nahodha na wenzake waliponitoa nje.

Tulimzika kijijini kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga. Agnesi alishikiliwa na wanawake wanne. Mama alinikumbatia, na hilo liliniumiza kuliko kama angenilaani.

Baada ya maziko bwana Felisian alikuja. Nilidhani kaja kunikamata, na kwa kweli nilitamani anikamate.

"Pole sana, fundi," akasema. Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa. "Nilitumiwa barua hii kabla ya ule ukaguzi. Haina jina. Unaujua huu mwandiko?"

Niliujua. Mimi ndiye niliyemshika mkono Zenon kumfundisha kuandika, kabla hajaanza shule.

Iliandikwa hivi: "Mheshimiwa, tunaomba uje uone tunapolala, tutakufa. Wengine wanaogopa kusema, na mimi si mkubwa humu. Muulize fundi wa injini. Ni mtu wa kweli, hajui kudanganya."

Ndiyo maana alimpita nahodha.

Leo nina mvi kichwa kizima na sikuwahi kumsimulia mama habari za ile barua mpaka akafariki. Nawaandikia ninyi wenye wadogo zenu makazini. Ukiulizwa jambo mbele yao, sema kweli hata kama kazi itaota mbawa. Wao wana heshima, hawatakusahihisha.