Imepita au Haijapita?

Ofisini walimwita Mama Hesabu, naye jina hilo alilipenda, mpaka siku ya kile kikao.

Alikuwa mtakwimu wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kuwaambia madaktari kama walichokiona wodini ni kweli au ni bahati tu. Siku hiyo alikuwa na tafiti mbili mkononi. Moja ilihusu dawa ya kikohozi, iliyojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa: ilipunguza kikohozi kwa nusu siku, basi. Nyingine ilihusu vitambaa vya kuwafunga watoto njiti kifuani kwa mama zao. Hiyo iliongozwa na wifi yake, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga. Vifo vya waliofungwa vilikuwa nusu ya vifo vya wenzao, ila watoto wenyewe walikuwa wachache.

"Imepita au haijapita?" mkurugenzi aliuliza.

"Dawa imepita kipimo, yaani matokeo yake si bahati tu, lakini faida yake kiduchu. Vitambaa havijapita, lakini..."

"Basi havina faida."

"Hapana, mzee. Kutothibitika si kutokuwepo. Faida huenda ni kubwa sana, huenda ni ndogo. Kwa watoto hawa wachache hatuwezi kujua. Tuongeze watoto, tuendelee kupima."

"Mimi nataka ndiyo au hapana. Hizo lakini zako kaa nazo."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mama Hesabu akafyata mkia, akaketi. Maelezo yake marefu kwenye ripoti yakafyekwa, yakabaki maneno mawili: hakuna tofauti. Chini yake, jina lake.

Dawa ikanunuliwa makasha kwa makasha. Vitambaa vikageuzwa matambara ya kudekia.

Jioni wifi yake akaja nyumbani. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Wifi, wale walioishi, nao ni bahati?"

"Si maneno yangu yale. Yangu wameyakata."

"Jina je, la nani?"

 Tangu hapo wakasalimiana kwa shingo upande, hata kwenye harusi ya mtoto wa wifi.

Miaka ikapita. Watafiti wa mbali wakapima vitambaa hivyohivyo kwa watoto wengi mno, na safari hii vikapita. Mkurugenzi akaagiza vipya, akapongezwa kwa kuona mbali.

Wifi alikuwa amekwishastaafu. Mama Hesabu akampigia simu.

"Nimeshasikia," wifi alisema. "Na wale waliokufa katikati hapo, mama zao umewapigia?"

Simu ikakatwa. Yeye akaendelea kuishika sikioni.