Mzee wa Kioo wa Mama Anastazia

Jamani, mwenzenu yamenikuta. Juzi wakwe walinitembelea hapa Kasulu, nikaazima kwa jirani yangu, Mama Anastazia, bakuli lake la kioo la Kimarekani, zawadi ya sista wa Kizungu ambaye yeye alikuwa akimpikia zamani. Ubavuni wanakimbia nyati wenye manyoya, nyuma yao kibanda cha magogo. Juu ya mfuniko amepiga magoti mwindaji wa kioo, naye ndiye kishikio.

"Mwalimu, huyo ni mzee wangu. Umtunze," alinisihi.

Nikiosha vyombo, mfuniko ukaniponyoka. Mzee alikuwa mzima, ila kichwa kimelala pembeni.

Nikakibandika kwa gundi. Niliomba bakuli lifike tu, liingizwe kabatini, yaishe. Lakini nyumbani Tanga nimefunzwa kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mjinga mimi, nikalijaza karanga, nikampelekea.

"Mwalimu, na karanga juu!" Mama Anastazia akafurahi. "Hebu tuonje."

"Utaonja baadaye, mama!" Sauti ilinitoka kama ya mbuzi.

Alishamshika mzee kichwani. Akainua. Mfuniko ukabaki palepale; kilichoinuka ni kichwa.