Nyumba Aliyoichora Ukutani Kwangu

Dume la ng'ombe lilinikanyaga goti mnadani Nyakahura, kabla sijaoa. Tulikwenda kununua, hatukununua. Baba aligombana na mwenye dume mpaka watu wakasahau kwamba niliyeumia ni mimi. Basi goti halikurudi sawa. Ndiyo maana miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, nilitafuta mtu wa kunikandikia nyumba hapa Kirushya, nikampata mmoja wa kambini, mtu mzima, mpole.

Alikandika vizuri. Chumba cha mbele kilipokauka akaniomba ukuta mmoja.

"Wa nini?"

"Nichore ndani kwangu, mzee. Naanza kusahau."

Nikamwachia. Alitumia mkaa, udongo mwekundu, na ule mweupe ambao mke wangu hupaka nyumba kila Noeli. Akachora kitanda, akakifuta, akakihamishia kushoto. Vibuyu vya maziwa, mkeka. Kando ya mafiga akaweka kigoda cha mkewe. Walipotezana njiani, hakujua kama yu hai.

Mke wangu akamtania, "Shemeji, kigoda kiko peke yake. Mwenyewe umemficha wapi?"

"Akifika atajikalia."

Kati ya mafiga alichora moto, mwekundu sana. Kwao, kama kwetu tangu wazee, nyumba ikipata msiba moto huzimwa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, aliupaka rangi upya usije ukafifia. Mimi nilikuwa nacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumapili moja baada ya misa alikuja mwanamke wa kambini kuomba mbegu ya maharage. Akasimama mlangoni, akautazama ukuta.

"Mbona hapa ni kwenu, kaka? Pale juu ya kisima."

Kumbe ni jirani yake wa huko. Yule bwana akainuka.

"Mke wangu umemwona?"

"Alirudi kukutafuta," akasema, macho chini. "Tulimzika sisi, nyuma ya nyumba. Nilidhani ulishaambiwa."

Hakulia. Alichota majivu jikoni kwetu, akayakoroga na maji, akaupaka ule moto polepole mpaka ukawa kijivu wote. Kigoda hakukigusa. Mke wangu akamwekea ndizi na maharage. Akasema asante mama, akanawa mikono, akatoka. Nilidhani anakwenda kujisaidia. Nikamwona anashuka katikati ya migomba, si kwa njia ya kambini bali upande wa mpakani, kwao, bila kugeuka. Hakurudi tena.