Springi za Kumbebea Mwanapili

Leo mtu akitaka gari yake iwe juu anapiga simu Dubai. Linakuja sanduku ambalo ndani yake kila kitu kimeshachaguliwa: springi, shokapu, bolti, na karatasi ya kumwonyesha fundi pa kuanzia. Wiki haipiti, gari iko Forodhani imenyanyuka kama ngamia, nayo haijakanyaga jiwe kubwa kuliko kokwa ya embe. Mimi hupita zangu. Niliwahi kumwona mtu akivichagua vitu hivyo kimoja kimoja, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Mtu huyo ni Borafya, fundi wa springi wa Kikwajuni. Alizaliwa kijijini Bwejuu, akaja mjini kijana, na kazi ya chuma aliijua kwa kuifanya. Hakuwa msemaji. Mkono wake wa kushoto ulipungua vidole viwili, na ukimwuliza vilikwenda wapi, alikujibu, "Vimo ndani ya gari la mtu," akaendelea na kazi.

Mwaka wa hamsini na sita mimi nilikuwa dereva wa Mkubwa, mfanyabiashara wa kamba za makumbi pale Bwejuu. Mkubwa alinunua Landrova kuukuu mnadani. Kutoka mjini mpaka Paje ilikwenda vizuri. Kutoka Paje kwenda Bwejuu, maili kama tatu, njia ilikuwa mawe matupu yenye meno, na mahali palipoitwa Kizingiti jiwe moja refu lilikatiza njia yote. Hapo ndipo gari ilipokaa kwa tumbo, difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, juu ya jiwe kama kuku anayeatamia, magurudumu yanazunguka hewani. Tukaiondoa kwa magogo na matusi. Tangu siku hiyo gari iliishia Paje, na mizigo ikaletwa hapo kwa punda.

Kwa mizigo ya kamba lisingekuwa jambo kubwa. Lakini Bwejuu alikuwako Mwanapili, dada yake Borafya wa tumbo moja, mke wa mvuvi. Mwanapili alikuwa ameshazika watoto wawili, wote hawakuwahi kulia. Daktari wa mjini alimwambia nyonga yake haina njia, mtoto wa tatu lazima atolewe kwa kisu. Sasa mimba ilikuwa ya miezi saba na damu ilishamtoka mara mbili. Mkunga akaapa kwamba mama yule akitikiswa vibaya mara moja tu, basi, hapana mtoto, na pengine hapana mama.

Zamani isingekuwa shida. Bwejuu ilikuwa na wabebaji kumi na sita, watu waliokuwa wakimlaza mgonjwa kwenye kitanda cha kamba, wakamtia mabegani na kumfikisha Paje bado amelala usingizi. Lakini vijana walishahamia mjini kubeba magunia ya karafuu bandarini, na wa kitanda wakabaki wanne, wazee watupu. Katika uzazi wa pili wa Mwanapili, wazee hao walimweka chini mara arubaini njiani. Mtoto alifia hapo hapo njiani.

Kwa hiyo Borafya alipomwambia Mkubwa kwamba ataipandisha gari ile bila malipo, kila mtu alijua ni kwa ajili ya nani.

Mkubwa, kwa furaha, akaja Kikwajuni na pleti nene za springi za lori, zimefungwa kwa kamba yake mwenyewe.

"Hizi hapa, fundi. Ukizitia hizi gari inakwenda juu shibiri nzima. Kizingiti tunakipita tunakipungia mkono."

Borafya akaigonga moja kwa ukucha. "Gari itakwenda juu, kweli. Na dada yangu ataruka humo ndani kama bisi."

"Basi wataka zipi?"

"Sijui bado. Kwanza nnakwenda Bwejuu."

"Kufanya nini? Njia ya kwenu ile, unaijua tangu huna meno!"

"Naijua kwa miguu," akasema Borafya. "Siijui kwa mgongo."

Hatukumfahamu. Tukamfahamu kesho yake asubuhi, alipokwenda Bwejuu kwa Jecha, kiongozi wa wale wabebaji wanne.

"Shikamoo, Mzee Jecha."

"Marahaba. Umekuja kumwona dada yako?"

"Nimekuja mnibebe."

Jecha akamtazama juu mpaka chini. "Unaumwa nini?"

"Siumwi kitu. Nilazeni kitandani mnipeleke Paje. Nataka kujua mgonjwa anasikia nini."

"Yakhe, mtu asiyeumwa hakilalii kitanda hicho. Utajiitia balaa."

"Balaa ishaitwa mara mbili nyumbani kwetu, mzee. Nibebeni."

Wakambeba. Mimi nilifuata nyuma. Jua lilipopanda Borafya akajifunika shuka mpaka usoni, na hilo ndilo lililotuponza. Karibu na Kizingiti walitokea watu sita waliokuwa wakikata kuni. Wakaona kitanda, mtu kafunikwa gubigubi, wazee wanne wanahema. Wakatupa mashoka, wakaja mbio kutia mabega, maana kulisindikiza jeneza ni thawabu na hapana anayetaka kupitwa. Wazee walikuwa hoi, hawakukataa msaada wala hawakusema neno. Mmoja wa wale sita, Abrahman, mtu wa machozi ya karibu, alishaanza kulia.

"Inna lillahi! Nani huyu, jamani? Alikuwa mtu mwema!"

"Nishusheni hapa," ikasema sauti chini ya shuka. "Hapa pananigonga kiuno."

Tendegu moja likatua kabla ya mengine. Watano walikuwa wameshafika vichakani. Abrahman alibaki amekamata kitanda kwa sababu miguu ilimkatalia, anasema, "Shuka sasa basi, shuka mwenyewe, usinihusishe!" Jecha alikaa juu ya jiwe akacheka mpaka kofia ikaanguka. Borafya hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti, anapima urefu wa lile jiwe kwa kiganja.

Kisha akamwuliza Jecha jambo ambalo mimi, niliyeiona kazi ile tangu utotoni, sikuwahi kulifikiria.

"Mzee, mkifika penye mawe kitanda kinapanda lakini hakirushi. Mnafanyaje?"

"Aa, hilo? Hatwendi sawa. Wa mbele wakitanguliza mguu wa kulia, sisi wa nyuma tunatanguliza wa kushoto. Wa mbele wanalegeza magoti, wa nyuma tunakaza kidogo. Tukienda sawa kama askari, mgonjwa atatapika."

Borafya akalegeza magoti yake mwenyewe, akayakaza. "Wa mbele wanalegeza," akasema, "wa nyuma mnakaza."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Tuliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kwenye lundo la vyuma vikuukuu huko Malindi. Siku nne alishinda juu ya lundo lile, akala hapo, akasali hapo karibu. Nilimwona akivuta pleti za springi moja baada ya nyengine. Kila pleti aliilaza juu ya mawe mawili, akaikalia, akapima ilivyoshuka, akainuka, akapima kama imerudi. Iliyorudi pungufu kwa unene wa kucha aliitupa. "Hii ishachoka," alikuwa akisema, kama mtu anayemhurumia punda. Nene hakuzigusa kabisa. Alitaka nyembamba, nyingi, zilizopinda vizuri, kwani nyembamba kumi zikilaliana zinabeba mzigo kama nene nne lakini zinapumua. Za mbele alizichagua laini, za nyuma akazikaza kidogo, ili pua ya gari na mkia wake visirukie pamoja. Nikatambua kwamba anawatafuta wazee wanne ndani ya lundo la chuma.

Halafu mengine. Gari ikipanda, shokapu za zamani zinakuwa fupi, akatafuta ndefu, akazijaribu kwa kuzivuta na kuzisukuma huku amefumba macho. Mpira wa breki utavutika ukatike, akaweka mrefu. Shafti inayopeleka nguvu nyuma itakaa mshazari vibaya, akachonga kabari za chuma za kutia chini ya springi ili difu iinue pua kidogo. Mkubwa alikuja kutazama akashindwa kujizuia.

"Fundi, hayo yote kwa ajili ya jiwe moja?"

"Jiwe si kitu," akajibu Borafya. "Jiwe hata lori linalipita."

Mwezi wa nane wa mimba ulipokaribia mwisho, damu ikamtoka Mwanapili mara ya tatu, nyingi. Mjumbe alifika mjini na baiskeli alfajiri. Springi zilishafungwa, na kabla ya saa tatu tulikuwa Bwejuu; Kizingiti tulikipita, lakini gari ilikuwa tupu. Tukamlaza nyuma ya gari juu ya magodoro mawili, mkunga pembeni yake. Uso wa Mwanapili ulikuwa na rangi ya majivu. Borafya hakuingia ndani. Alitangulia kwa miguu, anarudi kinyumenyume mbele yangu, macho kwenye magurudumu, mkono unaniashiria: polepole, kulia, polepole.

Nimeendesha magari miaka arubaini na tatu, lakini gari ile siku ile sikuiendesha mimi. Mawe yale yale yaliyokuwa yakinitoa kichwa mpaka kwenye turubai yalipita chini yetu, na nilichosikia ni kama pumzi: mbele inashuka, nyuma inangoja, nyuma inashuka, mbele imeshasimama. Tulipofika Kizingiti nikatia gia ya kwanza. Gurudumu la kwanza likapanda jiwe. La pili. Difu ikapita juu yake, na baina yake na jiwe ungeweza kutia ngumi. Nyuma yangu kukawa kimya kabisa, nikaogopa kimya kile kuliko kelele.

"Mkunga!" nikaita. "Vipi?"

"Usipige kelele we dereva," akanijibu. "Kalala."

Nilitazama mbele nikamwona Borafya amesimama katikati ya njia, kajishika kiuno kwa mikono miwili, anahema kama aliyetua mzigo.

Mtoto alitolewa kwa kisu hospitali ya mjini alasiri ile, msichana, akalia papo hapo. Mama aliongezwa damu, akakaa siku mbili hamtambui mtu. Siku ya tatu tuliruhusiwa kumwona. Alikuwa amekalishwa kwenye mito, mtoto kifuani. Borafya alishamwadhinia siku ile ile alipozaliwa, sasa akampokea, akamkamata kwa vile vidole vyake vinane kama kitu cha kuazima, na chozi likamdondoka juu ya kanga.

"Kaka," akasema Mwanapili, sauti bado ndogo. "Ahsante kwa gari."

"Hapana kitu."

"Lakini si mbali na kwa Jecha, pale penye mteremko, paliniuma."

Uso wa Borafya ukabadilika. "Paliuma wapi? Mbavuni au kiunoni?"

"Ubavuni. Huu wa kushoto. Si sana."

"Mara moja au mara mbili?"

"We kaka nawe! Mara mbili. Lakini nshasahau."

"Nyuma kushoto," akasema Borafya peke yake. "Pleti ya tatu. Nilijua, nikajidanganya."

Akaniwekea mtoto mikononi, mimi ambaye sikuwa na undugu naye wa mbali wala wa karibu, akatoka. Nilipochungulia dirishani, Landrova ilikuwa uani juu ya jeki, na miguu ya Borafya inaonekana chini yake. Mfagizi wa hospitali alikuwa kasimama na ufagio wake, anamwambia huku si gereji. Chini ya gari spana iliendelea kufungua.