Mfuko Wangu wa Nje

Ndugu zangu, shule niliishia darasa la pili. Ninalisema mapema ili msinicheke sana.

Alikuja hapa Mtinko mtaalamu wa uwekezaji, binti mwenye adabu, akatuamkia wazee wote shikamoo. Akatufundisha: "Fedha za alizeti zigawanyeni. Mfuko wa ndani una faida ndogo ila ni salama. Mfuko wa nje unafuata masoko ya dunia. Faida yake kubwa, na hatari kubwa."

Nikaelewa kabisa! Koti ninalo, nililinunua kwa harusi ya mpwa wangu kule Kiomboi, harusi yenyewe ikanyeshewa, lakini tuyaache hayo. Fedha ya bati za Mama Neema, mke wangu, nikaigawa: nusu mfuko wa ndani, nusu wa nje. Koti nikalitundika uani. Mbuzi akalikuta.

Juzi binti akarudi. "Nani amejaribu mfuko wa nje?"

Nikasimama peke yangu, kifua mbele. "Mimi, mwanangu. Hatari nimeiona. Nusu ya bati imekwenda."

"Pole, babu! Uliwekeza nchi gani?"

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mama Neema naye.

"Nchi?" nikasema, huku nikimwonyesha tundu la koti. "Si huu hapa?"